Kisa cha gari la kujiundia: lilivyoandaliwa kwa ukaguzi wa IVA, likaanguka, likarudi

Nimeondoa majina, mji, namba za gari na jina la kampuni iliyouza seti ya vipande. Vipimo nimeviacha kama vilivyoandikwa kwenye daftari letu, maana humo ndimo yalimo mafunzo.

Usuli

Mwenye gari ni mzaliwa wa Mombasa anayekaribia kustaafu. Zaidi ya miaka 30 amekula kwa spana: kwanza katika gereji za mabasi nyumbani, kisha katika gereji ya mabasi kwenye mji mmoja wa katikati mwa Uingereza. Humu nitamwita Mjomba, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na kijana aliyefanya naye kazi, mtoto wa dada yake. Kijana huyo ni mwanafunzi wa chuo, na siku ya kwanza kuingia gereji hakujua bushi ni ipi na beringi ni ipi. Mimi niliitwa ikiwa imebaki miezi minne kabla ya ukaguzi, kwa sababu nilishawahi kusaidia magari mengine mawili ya namna hiyo.

Gari lenyewe ni la viti viwili, halina paa wala milango, la umbo ambalo Waingereza wanalipenda tangu Lotus Seven ilipotoka mwaka 1957. Lotus hiyo iliuzwa pia ikiwa vipande, kwa kuwa aliyejiundia mwenyewe aliepuka kodi ya manunuzi iliyotozwa gari zima. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1973 VAT ilipoanza, lakini mapenzi ya kujiundia gari nyuma ya nyumba hayakufutika. Mpaka leo kuna kampuni ndogo zinazouza fremu ya chuma, mabati ya alumini, na pua na mudigadi za faibaglasi. Mnunuzi hujitafutia gari kuukuu la kutolea vipuri.

Mjomba alipata Mazda MX-5 ya 1996, injini ya lita 1.8, iliyooza kwenye sili chini ya milango. Huo ndio ugonjwa wa magari hayo, na ndio unaoyafanya yapatikane kwa bei ya kutupa huku injini ikiwa nzima. Alichukua injini, giaboksi, difu, habu, breki, reki ya usukani na nyaya. Kilichobaki kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliweka hati ya usajili ya gari lile na risiti zote kwenye bahasha moja, na bahasha hiyo itarudi mwishoni mwa kisa.

Kazi ya kuunda ilichukua miaka mitatu na ushei. Fremu ilipofika, mke wake aliuliza litakwisha lini, akajibiwa, "Krismasi." Hakutaja ya mwaka gani.

Ukaguzi unataka nini

Gari lililoundwa nyumbani haliwezi kusajiliwa Uingereza mpaka lipite ukaguzi wa IVA, yaani uidhinishaji wa gari moja moja, ulioingia mwaka 2009 mahali pa ule wa SVA wa 1998. Wakaguzi ni wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Ukishapita unapewa cheti, na kwa cheti hicho unaiomba DVLA, wakala wa serikali unaosajili magari, namba. Ada yetu ilikuwa pauni 450, na pauni 90 kwa kurudia endapo gari litaanguka.

Wengi hudhani ni ukaguzi wa kawaida wa kila mwaka uliokazwa kidogo. Sivyo. Ukaguzi wa kila mwaka unaangalia kama gari lililobuniwa na kiwanda bado liko sawa. IVA inauliza kama wewe, uliyelibuni kwenye kibanda chako, ulifikiria yale ambayo kiwanda kingefikiria: mtu wa miguu akigongwa atachanwa na nini, goti la abiria litapiga wapi, taa itaonekana kutoka pembe gani. Gari linaweza kukimbia kama paa na bado likaanguka kwa nati moja isiyo na kofia.

Miezi minne ya maandalizi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa nani asome mwongozo wa ukaguzi. Ni mkubwa, na Kiingereza chake ni cha kisheria. Mjomba aliupitia juujuu akasema mengi humo anayajua. Nilipendekeza asome kijana, tena asome kila mstari, kwa sababu yeye hakuwa na la kuruka. Aliuchapisha, akaukata kwa sura, akatumia kalamu tatu: kijani kwa kilichokwisha kupimwa, manjano kwa kinachohitaji kazi, nyekundu kwa tusichokielewa. Sharti lilikuwa kwamba kijani haipakwi kwa neno la mtu. Lazima kuwe na kipimo kimeandikwa pembeni. Sharti hilo tulilivunja mahali pamoja tu, nitapafikia.

Kazi kubwa ilikuwa kingo na ncha za nje. Kanuni inasema popote ambapo tufe la kipenyo cha milimita 100 linaweza kugusa, ukingo uwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Tulitafuta mpira wa mtoto wenye kipenyo hicho, tukaupaka chaki, kijana akauviringisha juu ya gari zima kuanzia puani. Kila ulipoacha alama nyeupe, hapo pana hesabu. Kupima mviringo hatukununua kifaa: shina la keekee ya milimita 5 lina nusu kipenyo cha 2.5, ukiliweka kando ya ukingo jicho linakuambia.

Chaki ilitutia aibu. Mikono ya saspensheni ya mbele ya gari la aina hii iko nje, wazi, na kila bolti ina kichwa na nati. Tulihesabu alama 41 siku ya kwanza. Nyingi zilikwisha kwa kofia za plastiki na ukingo wa mpira ulioshikwa kwa gundi. Gundi ni lazima, kwa sababu mkaguzi huuvuta, na ukitoka mkononi mwake hauhesabiki kuwa upo. Mabano mawili ya taa tuliyatoa kabisa, Mjomba akayaunda upya kwa bomba la mviringo badala ya bati lililokatwa. Yalipendeza kuliko ya kwanza.

Ndani, tufe linakuwa la milimita 165, na ukingo wa chini wa dashibodi unatakiwa kuwa na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 19. Dashibodi ya Mjomba ilikuwa bati bapa lililokunjwa, zuri, lenye ukingo wa kukatia mkate. Tulichukua bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 40, tukalipasua kwa urefu, tukalivika kwenye ukingo, tukafunika kwa ngozi ya bandia. Swichi zake za chuma za kizamani, alizozinunua kwa mapenzi, zilirudi kwenye kasha. Alinuna siku mbili.

Kwenye taa kijana ndiye aliyekuwa mwalimu. Taa ya ukungu ya nyuma ilikuwa milimita 85 kutoka taa ya breki, na inatakiwa izidi 100, ili anayekufuata asichanganye moja na nyingine. Tulitoboa upya. Taa hiyo pia isiwake peke yake bila taa kubwa, na iwe na kitaa cha kumwonyesha dereva kwamba inawaka. Indiketa za mbele zilikuwa zimejificha nusu nyuma ya taa kubwa ukisimama kwa ndani. Kijana alifunga uzi kwenye kioo cha indiketa, akauvuta mpaka digrii 45 upande wa ndani na 80 upande wa nje, akaona uzi unagusa taa kubwa. Zikasogezwa nje sentimita nne. Mjomba alisimama na kikombe cha chai akitazama kijana na uzi wake, akasema, "Mwanangu, wewe ungekuwa fundi wa majahazi."

Spidomita tulipewa ya kidijitali, unaipanga mwenyewe. Kijana aliipanga kwa setilaiti mpaka ikasoma kasi halisi kabisa, akafurahi. Nikamwambia airudie. Kanuni inakataza spidomita kusoma chini ya kasi halisi hata kidogo, lakini inaruhusu isome juu mpaka asilimia 10 na nyongeza ya maili 6.25 kwa saa. Ukiipanga iseme kweli tupu, mashine ya rola ikitofautiana nawe kwa nukta moja umeanguka. Tuliiacha isome maili tatu juu.

Kelele kikomo ni desibeli 99, kipaza kikiwa nusu mita kutoka mdomo wa eksozi, injini ikizunguka robo tatu ya mizunguko ya nguvu yake ya juu. Injini yetu inafikia nguvu hiyo kwenye 6,500, kwa hiyo tulipima kwenye 4,875. Simu ilisoma 101. Simu si kipimo cha kuaminiwa, lakini ilitosha kututia hofu, tukafungua sailensa na kuijaza sufu mpya.

Uamuzi wa kioo cha mbele

Gari lisilo na kioo cha mbele halidaiwi waipa, maji ya kuoshea wala kifaa cha kuondoa ukungu kiooni. Ndiyo maana wajenzi wengi wa magari haya huenda kwenye ukaguzi bila kioo, kisha wakakifunga baadaye. Kijana na mimi tulitaka hivyo. Mjomba alikataa katakata: "Nakaguliwa na gari nitakaloendesha. Nikificha kitu leo, nimemficha nani?"

Kwa hiyo tulinunua kioo chenye nyaya za kupasha joto ndani yake ili kiondoe ukungu, tukafunga mota ya waipa na chupa ya maji, na kuzungushia fremu nzima ya kioo mtihani wa chaki. Wikendi sita zilikwenda hapo. Wikendi hizo tulikuwa tumezitenga kwa kukagua chini ya gari na kuliendesha kwenye uwanja wa ghala moja tulioruhusiwa kuutumia Jumapili. Gari lisilosajiliwa huwezi kulitoa barabarani kwa majaribio. Sheria inaruhusu tu kuliendesha hadi kwenye ukaguzi uliopangiwa siku, likiwa na bima. Uwanja ule ndio uliokuwa mahali petu pekee, na tuliutumia mara moja, kwa breki.

Chini ya gari tukaafikiana kwamba Mjomba atapakagua mwenyewe. Alilala chini asubuhi moja, akatoka, akasema pako sawa. Kijana akapaka kijani sura nzima. Hakuna kipimo kilichoandikwa.

Usiku wa kuamkia ukaguzi

Saa tatu usiku, rafiki yake mmoja aliyejenga gari kama hilo alimpigia simu kumtakia heri, akauliza, "Usukani unarudi wenyewe?" Mkaguzi huendesha gari polepole kwa mzunguko, huachia usukani, na hutaka kuona unaelekea kurudi katikati. Magari mepesi ya kujiundia huanguka hapo mara nyingi. Rafiki akampa dawa ya mitaani: tanua magurudumu ya mbele kidogo kwa mbele, pita ukaguzi, kisha rudisha.

Mjomba hakumpigia mtu simu. Alikwenda gereji na tochi, akalegeza nati za kufungia kwenye tairodi zote mbili, vyuma vinavyounganisha reki ya usukani na magurudumu, akazungusha kwa kukadiria, akakaza. Ya kushoto aliikaza kwa spana. Ya kulia aliikaza kwa vidole, akasikia anaitwa ndani kuzungumza na mtu wa trela kuhusu saa ya kuondoka. Hakurudi.

Siku ya ukaguzi

Tulipeleka gari kwa trela. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, aliyetuambia mapema kwamba hataki msaada ila akiuomba. Alikaa na gari karibu saa tano.

Tufe lake lilizunguka gari zima lisipate kitu. Taa zote zilipita, na alipofika kwenye indiketa alipima, akanyanyua nyusi, akaandika. Moshi ulipita: katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, ilipata moto vizuri, kaboni monoksidi ikawa ndani ya asilimia 0.2 injini ikizunguka kasi. Spidomita ilipita. Kelele ilisoma 98, na hapo nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu asubuhi. Breki zilipita bila neno. Kioo chenye joto kiliondoa ukungu. Mikanda, vioo vya pembeni, honi, kifuniko cha tangi, vyote vilipita.

Kisha akapandisha gari juu. Alishika tairodi ya kulia, akazungusha nati kwa vidole viwili, ikazunguka. Hakusema kitu. Aliendelea mpaka kwenye bomba la mafuta ndani ya handaki la giaboksi, akapima kwa utepe kutoka kibanio hadi kibanio: milimita 420. Mwongozo unataka kishikizo kila milimita 300. Mwisho alilitoa nje kwa mzunguko wa polepole, kushoto kisha kulia, akaachia usukani. Ulibaki pale pale alipouachia.

Makosa yakawa matatu. Njiani kurudi Mjomba hakuwasha redio. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Gereji ya mabasi hakuna nati inayotoka bila alama ya rangi nyeupe. Miaka 30. Gari langu mwenyewe sikuweka hata moja." Kijana akajibu taratibu, "Mjomba, wahenga walisema mganga hajigangi." Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Kutafuta ugonjwa wa usukani

Nati na kibanio vilikwisha asubuhi ya pili. Usukani ulitaka akili. Mjomba alitaka kuendelea na dawa ile ile, azidi kutanua magurudumu. Niliomba tusiguse alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, kabla hatujajua nini kinauzuia usukani kurudi. Nguvu inayorudisha magurudumu katikati hutokana hasa na pembe ya kasta, yaani jinsi mhimili ambao gurudumu linageukia unavyolalia nyuma, na uzito ulio juu yake. Gari letu lina uzito wa karibu kilo 600, ambapo MX-5 ilikaribia tani. Nguvu imepungua, kwa hiyo msuguano mdogo ambao Mazda ingeushinda bila mtu kujua, huku unaushinda usukani.

Tulinyanyua magurudumu ya mbele ili tupime msuguano peke yake. Kila nyumba ya mtu wa ughaibuni ina ile mizani ya ndoano ya kupimia begi kabla ya safari ya nyumbani. Tuliifunga kwenye ukingo wa usukani, tukavuta polepole. Ilisoma kilo 1.9. Tukatenganisha nguzo ya usukani na reki, tukavuta tena: 1.4. Yaani sehemu kubwa ya uzito haikuwa kwenye magurudumu kabisa, ilikuwa kwenye nguzo. Bushi yake ya chini ilifungwa kwenye bano lililokaa upande kwa milimita chache, ikaibana nguzo kama koleo. Mjomba alilirefusha tundu la bano kwa tupa, akaipanga bushi, akakaza. Mizani ikasoma 0.6 kila kitu kikiwa kimeunganishwa.

Kasta tuliipima kwa kipimo cha kuazima. Kushoto digrii 3.5, kulia karibu hiyo hiyo. Mikono ya juu ya saspensheni ilikuwa na nafasi ya kurekebisha, tukaisogeza nyuma mpaka digrii 6 pande zote. Mwisho kabisa, baada ya hayo, tulipanga alaimenti kwa uzi na rula, tukairudisha kwenye vipimo vya aliyetuuzia seti, si vya rafiki wa simu. Kila nati ikapata alama nyeupe. Jumapili mbili tukazunguka kwenye uwanja wa ghala kwa kasi ya mtu anayekimbia, tukiachia usukani. Jumapili ya kwanza ulirudi nusu. Ya pili, bushi ilipolainika, ulirudi karibu wote.

Matokeo

Wiki tano baada ya kuanguka tulirudi, tukalipa pauni 90, tukakaguliwa yale matatu tu. Haikuzidi saa moja. Mkaguzi alizunguka kushoto, akaachia, akazunguka kulia, akaachia, akarudi akiwa tayari ameshika kalamu.

Kwenye DVLA ndipo ile bahasha ilipofanya kazi. Fomu ya V627/1 inauliza kila kipande kikuu kimetoka wapi. Fremu mpya ikiwa na angalau vipande vikuu viwili kutoka gari moja, unapata namba ya umri wa gari lile. Ukishindwa kuthibitisha, unapewa namba inayoanza na Q, ambayo inamwambia kila mtu kwamba asili ya gari haijulikani. Injini, giaboksi, difu na reki vyote vilitoka Mazda moja, na hati ilikuwepo na namba ya injini ikasomana. Alipata namba ya 1996.

Uchambuzi

Ukiyapanga makosa yale matatu utaona kitu. Hakuna hata moja lililotoka kwenye taa, kingo, spidomita au kelele, mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyazoea. Yote matatu yalitoka chini ya gari, kwa mtu aliyekuwa hapo tangu ujana wake. Kijana alipita kwa sababu hakujua, kwa hiyo alipima. Mjomba alianguka kwa sababu mkono wake ulimwambia pako sawa, na mkono ule umekuwa ukisema kweli kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuudai kipimo. Nami nimo katika lawama hiyo. Niliweka sharti la kalamu ya kijani, kisha nikanyamaza lilipovunjwa, kwa heshima ya umri wake. Ningeweza kulala chini na utepe kwa kisingizio chochote, hata cha kujifunza. Asingekataa.

Mkaguzi wa uongo tulimwita kwa nje tu: jirani mmoja aliyeshika mpira wa chaki na mwongozo, asiyejua gari wala sisi. Alituonyesha ncha tatu tulizozikosa. Kama angeambiwa apime pia umbali wa vibanio, kazi isiyotaka ujuzi wowote ila utepe, milimita 420 zisingefika kituoni.

Kuhusu usiku ule, tatizo halikuwa ushauri wenyewe. Kutanua magurudumu husaidia baadhi ya magari. Tatizo ni kwamba ulifika wakati hakuna pa kuujaribu, ukafungua nati mbili zilizokuwa zimekazwa sawasawa tangu wiki nyingi, na dalili ikatibiwa bila kujulikana ugonjwa. Mizani ya begi ingekuwa imetuonyesha bushi miezi mitatu kabla, ndani ya dakika kumi, gari likiwa juu ya vigingi na bila kuhitaji uwanja. Tangu hapo ndicho kitu cha kwanza ninachopima kwenye gari jepesi, kabla hata ya kuuliza habari za kasta.

Picha zilitusaidia kuliko tulivyotegemea. Kijana alipiga kila hatua tangu fremu ikiwa tupu, kwa kujifurahisha tu. Mkaguzi alipouliza kilichofichwa nyuma ya bati la alumini kwenye mishiko ya mikanda, alionyeshwa simu, akaona mabamba ya kuimarisha yakiwa yamechomelewa, akaridhika. Bila picha hizo angekuwa na haki ya kutaka bati lifunguliwe.

Linalobaki kati yetu ni kioo. Mimi naamini kilikula Jumapili sita ambazo zingetuonyesha kwamba usukani haurudi, na hivyo kilitugharimu ukaguzi wa kwanza. Mjomba anasema Jumapili hizo tungezitumia kung'arisha boneti, na kwamba siku ya mvua mimi ndiye ninayekuwa wa kwanza kuuliza kama waipa inafanya kazi.

Hilo la waipa siwezi kulikanusha.